Spika za Mninga

Rehema mwanangu,

Wewe umekwenda Ukonga kumuaga shangazi yako, na mama yako yuko chumbani analifungua begi lako alipange upya, sijui kwa mara ya ngapi. Mimi nimekuja huku chumba cha uani, nimesogeza mbao na viti vilivyovunjika nikapata pa kukaa. Ninaandika juu ya spika. Ni ile ya kushoto, ambayo siku hizi mama yako huiwekea beseni la nguo.

Mambo ya kufunga mlango, kuchemsha maji ya kunywa na kutoazimisha watu vitu hovyo sitayagusa. Mama yako amekwisha kuyasema, na ninavyomjua ataendelea kuyasema kwa simu mpaka majirani zako wa Mwanza wayajue kwa moyo. Mimi nimebaki na swali lako la Jumapili.

Tulikuwa tunakula, unatusimulia studio utakayofungua Mwanza na rafiki yako Pendo. Ukaniuliza, "Baba, wewe si fundi wa maboksi? Kompyuta tunayo, maiki Pendo anayo, bado spika tu za kusikilizia tunachorekodi. Tuchague za namna gani?" Ukaendelea kuchambua mifupa ya samaki. Hukuuliza kwa kejeli, nilikutazama usoni nikahakikisha. Ungeuliza kwa kejeli ningejua la kujibu. Nikasema nitakuandikia, mama yako akaweka kijiko chini akanikazia macho, nawe ukacheka ukidhani ni utani wetu wa siku zote. Haukuwa utani. Mama yako anajua ninachotakiwa kukwambia, na alishaniambia wazi, "Mie sikusemei. Utamwambia mwenyewe." Kwa mdomo nimeshindwa, Rehema. Nilijaribu Jumatatu, nikajaribu tena jana ulipokuwa unapiga pasi, nikaishia kukuuliza kama umeme wa Mwanza unakatikakatika.

Nianze na spika, maana ndiko nilikoanzia kupotea.

Wakati naifungua studio humu chumba cha uani sikujua kitu isipokuwa mbao. Kila nyumba hapa Temeke ilikuwa na kijana anayetaka kurekodi, nami nikajiona mjanja: chumba ninacho, kompyuta iliyokwisha tumika nimepata, maboksi ya spika nitayachonga mwenyewe. Nikaenda Kariakoo kutafuta spika zenyewe za kuweka ndani ya maboksi. Unajua mtu wa dukani anavyouza spika. Hakuulizi unataka kuifanyia nini. Anaweka wimbo wake, singeli au chochote chenye kishindo, anafungulia besi mpaka mwisho, halafu anakuvuta mkono anauweka mbele. "Sikia upepo huo, mzee wangu! Umeusikia upepo?" Nikausikia. Watu wote waliosimama pale wakatikisa vichwa, hata mpita njia ambaye hakuwa na shida ya spika. Mwamba ngoma huvutia kwake, na mimi nilikuwa ngozi laini.

Kwa hiyo usinunue upepo. Mtu akikuwekea wimbo wake mwambie asante, kisha toa wa kwako, ule unaoujua kila kona, uliousikia kwa redio ya jikoni na kwa simu na kwenye harusi za watu. Uweke kwa sauti ndogo, kama watu wawili wanazungumza. Sikiliza kama mwimbaji amesimama mbele yako au amefichwa nyuma ya ngoma. Halafu weka wimbo ambao unajua umerekodiwa vibaya. Spika ikiufanya nao uwe mtamu, iogope hiyo spika. Ya kazi ni ile inayokuonyesha ubaya wa wimbo mbaya. Siku ya kwanza itakuudhi, utaona kama umepoteza hela. Chukua hiyo hiyo.

Mimi nilichukua za kunifurahisha. Nikazipeleka karakanani kwetu Keko nikazichongea maboksi ya mninga, na mjomba wako Hamisi, Mungu amrehemu, akazitia maua pembeni kama anavyotia kwenye vitanda vya maharusi. Mafundi wa karakana za jirani walikuja kuyatazama. Sisi watu wa Keko ndivyo tulivyo, kitu chochote kikitufikia lazima tukigeuze kiwe cha sebuleni. Tukiletewa jeneza tutaulizana kama liwekwe droo. Walisifu rangi, walisifu maungio, wakauliza nimepaka vanishi gani. Hakuna aliyeuliza zinasikikaje, na mimi mwenyewe sikujiuliza.

Mbao nilizitoa nyembamba ili maua yakae vizuri. Ukigonga ubavuni, boksi lilikuwa linaitika kama ngoma, na nilikuwa nawagongea wageni makusudi. "Sikia mninga unavyoongea," nawaambia. Boksi la spika halitakiwi kuongea, mwanangu. Likiongea linaongeza maneno ambayo mwimbaji hakuyasema. Ukiwa dukani gonga ubavu kwa kidole. Likijibu kwa mlio mrefu achana nalo, likiwa kimya kama tofali endelea kuulizia. Hilo nakwambia kama fundi, na fundi alitakiwa alijue kabla hajashika randa.

Kisha nikazisukuma kila moja kwenye kona yake, mgongo ukutani, maana ndivyo kabati linavyokaa. Kona huongeza kishindo juu ya kishindo. Mama yako naye akafuma vitambaa vyeupe akazifunika uso mzima zisipate vumbi. Nilimsifu sana. Tulisimama mlangoni tunazitazama kama wazazi waliomwoza binti kwa tajiri.

Sasa nikueleze kilichokuwa kinatokea, kwa sababu wewe ulikuwa upande wa maiki na hukuambiwa. Spika zile zilikuwa zinatoa uzito ambao haumo kwenye wimbo. Mimi nikisikia uzito umezidi, naupunguza kwenye kompyuta. Vitambaa vya mama yako vilikuwa vimeziba ile midomo midogo ya juu inayotoa sauti kali, basi mimi nikisikia ukali hautoshi, nauongeza. Humu ndani kila wimbo ukawa mtamu. Ukitoka nje ya mlango huo unabaki mifupa mitupu. Wateja walirudi kulalamika. Unamkumbuka yule ustadhi aliyekuwa analeta watoto wa kaswida? Mtu mpole yule. Aliniambia, "Fundi, wimbo ukiwa kwako mtamu, ukifika kwangu mchungu. Sasa mie si naishi kwangu?" Nikamjibu kwamba redio yake mbovu. Kila aliyelalamika redio yake ilikuwa mbovu. Temeke nzima ilikuwa na redio mbovu, mzima nilikuwa mimi peke yangu.

Hapo ndipo ulipokuja na wimbo wa Mwajuma.

Ulikuwa umetoka kumaliza shule. Mwajuma, binti wa shangazi yako, alikuwa anaolewa, na wewe ukatunga wimbo wa kumuaga, ukakaa nao wiki nzima ukiuimba kwenye kuchambua mchele, kwenye kufua, mpaka mama yako akaujua kabla hujaurekodi. Ulisimama hapo kwenye kona ya dirisha. Uliimba mara moja tu kutoka mwanzo hadi mwisho, hukukosea. Nakumbuka nilitaka kulia nikajifanya natafuta waya.

Ulipoondoka nikakaa kuutengeneza. Sauti yako kwenye spika zangu ilisikika nzito, kama mtu anayeimba ndani ya pipa. Sikujiuliza pipa ni la nani. Nikaanza kuipunguzia ule uzito wa chini, ule mwili wa sauti unaotoka kifuani, nikapunguza tena, nikaongeza ukali juu, mpaka humu ndani ikasikika safi. Nilikaa siku kadhaa nikiichonga sauti yako kama mguu wa kiti. Nilipomaliza nikamwita mama yako asikilize, akasema nzuri.

Yaliyotokea Ukonga unayajua. Muziki ulikuwa wa kukodi, safu za spika kama ukuta. Mtangazaji wa sherehe akakutaja jina, watu wakapiga vigelegele, wewe umesimama na sare yako ya kitenge unatazama chini kwa haya. Wimbo ukaanza, ikatoka sauti nyembamba inayochoma masikio, kama redio ya betri zilizokwisha. Watoto wakaziba masikio. Yule mama wa meza ya mbele akapaza sauti, "Kateni huo, tuwekeeni singeli!" Na wakaukata katikati.

Hapo nilikuwa na nafasi ya kunyamaza. Kunyamaza tu kungetosha. Lakini mashemeji walikuwa wananitazama, wote wanajua studio ni ya nani na spika za mninga ni za nani, walishaniletea sifa zao. Nikasimama nikasema, "Mashine zangu hazina tatizo, jamani. Tatizo ni sauti ya mtoto, haina mwili." Watu wakacheka. Nilicheka nao.

Ulikuwa umeshika sinia. Uliliweka mezani taratibu, ukaenda nyuma kwenye masufuria na hukurudi mpaka tunaondoka. Njiani uliniambia, "Shikamoo baba," kama vile ndiyo kwanza tunakutana, ukasahau kwamba tulishaamkiana asubuhi. Sikuitikia. Nilijifanya sikusikia.

Baada ya hapo hukuimba tena. Mchele ulichambuliwa kimya, nguo zilifuliwa kimya. Mama yako akinitupia maneno, "Umeiona nyumba yako ilivyopoa?" nilimjibu kwamba umekua, wasichana wakikua wanatulia. Hasira yangu siku hizo niliielekeza kwako, nakwambia ukweli. Niliona umeniaibisha. Studio ikafa mwaka uleule, nikafunga chumba, nikarudi kwenye vitanda na makabati, na kila nilipopita mlangoni hapa nilisema moyoni kwamba ningekuwa na mwimbaji wa maana ningefika mbali.

Ningeishia hapo, kingekuwa kisa cha baba mjinga asiyejua spika, na wajinga husamehewa. Kuna kingine, nacho hakina uhusiano na ujinga.

Miaka miwili baadaye nilipata kazi Kinondoni. Kijana mmoja, Deo, alikuwa na studio ndogo nyumbani kwake, anataka meza na viti vya kuweka spika. Nilipofika nilimcheka kimoyomoyo. Spika zake vimaboksi viwili vyeusi, vidogo kuliko debe la unga, havina ua wala vanishi. Lakini alinielekeza kwa makini kuliko bwana harusi anavyoelekeza kitanda: zikae usawa wa masikio yake akiwa amekaa, ziachane na ukuta, na kati ya moja na nyingine pawe sawa na kutoka kila moja hadi kichwa chake, chini aziwekee sponji ya godoro ili meza isitetemeke. Yachukue maelezo hayo kama yalivyo, ndiyo sahihi. Ukutani alitundika blanketi nzito, na kitanda chake kilikuwa humohumo chumbani. Alisema godoro nalo linamsaidia, linameza mwangwi.

Kazi ilipokwisha nikataka kumwonyesha kwamba na mimi si mtu wa hivihivi. Nilikuwa na flashi ya studio yangu, natembea nayo kwenye ufunguo kama hirizi. Nikamwambia weka wimbo wa Mwajuma. Akauweka. Kwenye vile vimaboksi vyeusi ikatoka ileile sauti ya Ukonga, na safari hii hapakuwa na redio mbovu ya kusingizia. Deo aliinamisha kichwa kwa adabu. Akapekua flashi, akakuta pembeni sauti yako peke yake, ile niliyoirekodi kabla sijaigusa. Akabonyeza.

Rehema, ulijaa chumba kile. Sijui niseme vipi zaidi ya hivyo. Ilikuwa sauti ya mtu mzima, ina kifua, ina pumzi, unapokwenda chini inakwenda na wewe, na pale mwishoni ulipovuta pumzi kabla ya jina la Mwajuma nilisikia kama umesimama kati yangu na dirisha. Haikukosa mwili. Mwili nilikuwa nimeukata mimi.

Deo aligeuka na kiti chake. "Mzee, huyu nani?"

Niliinama nikaanza kuokota misumari sakafuni.

"Huyu sista anaimba, mzee, sio utani. Yupo wapi? Mie nina watu wanatafutaga sauti kama hii."

Ningesema ni mwanangu, swali linalofuata lingekuwa nani aliyeiharibu. Niliona hivyo kwa kasi ya ajabu. Nikasema, "Simjui. Alikuwa mteja tu, alishahama."

Akasikitika kweli. Akaniuliza hata jina, nikasema nimelisahau. Nikachukua flashi yangu, nikafunga vifaa, nikapanda bodaboda. Nilipofika nyumbani ulikuwa hapo uani unaosha vyombo, kimya. Ukanipokea mfuko wa misumeno. "Pole na kazi, baba."

Niliitikia, "Nimeshapoa," nikaingia ndani. Tangu siku ile, kila ukinipokea mfuko naona haya.

Nimeijua kweli hiyo miaka yote hii na nimekuacha uamini uongo. Nilikuona ukiombwa kuimba kwenye harusi za wenzako, unakataa kwa kucheka, "Mie sauti yangu haina mwili, muulizeni baba." Mkono wangu ulikuwa mezani nikila. Sikuuinua kukanusha. Wanasema majuto ni mjukuu, na wewe mjukuu bado hujaniletea, lakini majuto yalishafika zamani, yamekaa, yana meno. Mama yako nilimwambia mwezi wa Ramadhani uliopita. Hakulia wala hakunigombeza. Alivitoa vile vitambaa kabatini akavitazama muda mrefu, akasema, "Kumbe na mie nilikuwemo." Hilo nalo ni langu, maana yeye alifuma kwa mapenzi.

Amekuwekea viwili kwenye begi, vipya. Usivikatae. Funikia meza, funikia mtungi, spika ziache uso wazi.

Na sasa unakwenda Mwanza kurekodi sauti za watu wengine. Ulipolisema hilo mezani, "za watu wengine", ulilisema kwa wepesi kabisa, kama mtu kilema wa zamani aliyezoea mkongojo. Huyo aliyekuvunja mguu alikuwa amekaa kichwani mwa meza akisubiri aongezewe mchuzi.

Usinijibu haraka kwamba umenisamehe. Nakujua, una huruma ya mama yako, utataka kunifuta machozi kabla hujalia ya kwako. Nikasirikie kwanza. Ni haki yako na umeikosa kwa miaka mingi kwa sababu hukujua ni nani wa kumkasirikia.

Jumamosi iliyopita, niliposema naenda kufuatilia mbao, nilikwenda Kinondoni kumtafuta Deo. Pale kuna saluni sasa. Dada mwenye saluni alinisikiliza huku anasuka mtu, akaniambia, "Yule kijana wa muziki? Alishahama, mzee." Neno langu mwenyewe, nilirudishiwa mlangoni. Niliuliza alikokwenda, hakuna aliyejua.

Flashi ipo ndani ya bahasha hii. Ule wimbo niliouchonga nimeufuta. Imebaki sauti yako peke yake, kama ulivyoitoa. Ukishanunua spika, ukishaziweka usawa wa masikio na kuziachanisha na ukuta, kabla hujaweka sauti ya mteja yeyote, weka hiyo. Funga mlango, keti, sikiliza mpaka mwisho. Usinisikilize mimi, wala mama wa meza ya mbele. Kuimba au kutoimba ni juu yako, na kama hutaki tena sitauliza.

Pendo akiingia na kukuta inaimba, atakuuliza huyo nani. Atakuuliza kama Deo alivyoniuliza. Mimi nilipoulizwa nilisema simjui, na jibu nililotakiwa kutoa lilikuwa fupi kuliko uongo wenyewe. Nalitoa hapa, juu ya spika ya mninga, wakati hakuna tena anayeuliza.

Ni Rehema. Ni mwanangu.

Baba yako,
Saidi, fundi wa Keko